Viti Viwili vya Gari la Baba

Buyenzi, Bujumbura
6 Oktoba 2024

Dada yangu Sikuzani,

Assalamu alaykum. Pokea shikamoo zangu, na zikizidi wagawie majirani zako hapo Ujiji, maana ni nyingi. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mke wangu Khadidja anakusalimia. Goti lake linamuuma kila mvua inapokaribia, kwa hiyo siku hizi majirani hawaanui nguo kabla ya kuja kumuuliza.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Simu ya nyumba hii hupokelewa na kila mtu, na ukitaka kusema siri inabidi kwanza uwasalimie watu saba. Halafu hizo meseji, herufi zake ni ndogo kama mayai ya chawa. Moubarak anayeleta chumvi kwa lori kutoka kwenu amekubali kuwa mjumbe wetu. Ukinijibu, tafadhali tumia kalamu nyeusi na uandike kwa nafasi. Karatasi si haba.

Habari kubwa ni kwamba mtoto wetu Yasmina ameposwa. Kijana anaitwa Djibril, wa kule Kibenga karibu na ziwa, anafanya kazi benki. Ana adabu mpaka inatia wasiwasi. Siku ya kujitambulisha alivua viatu barabarani, akavuka tope la uani kwa soksi nyeupe, akaja kunipa mkono kana kwamba hakuna lililotokea. Nikasema huyu anafaa. Harusi ni baada ya Ramadhani, mwezi wa tano, inshallah.

Sasa nifike kwenye jambo. Unalikumbuka gari la baba, ile Alfa ya Kitaliano isiyo na paa, aliyoachiwa na yule Mgiriki wa vitambaa alipofunga duka? Bado lipo uani chini ya mabati, pale pale baba alipolizima mara ya mwisho. Nimeamua kulifufua. Nimetengeneza malori ya watu maisha yangu yote, sasa nimestaafu, mikono inaniwasha. Siku ya harusi nitamtoa Yasmina mlango huu mpaka Kibenga kwa gari la babu yake, mimi mwenyewe nikiwa usukanini, turubai limekunjwa, Buyenzi yote inatazama.

Kazi haijaanza bado kwa sababu ya kuku. Yule mweusi ameatamia mayai juu ya kiti cha dereva, na Khadidja ameapa kwamba atakayemgusa atapika mwenyewe. Nasubiri vifaranga.

Utakuja, bila shaka. Harusi bila wewe si harusi.

Mdogo wako,
Huseni


Ujiji
2 Novemba 2024

Mdogo wangu Huseni,

Wa alaykum salaam. Marahaba. Shikamoo zote nimezipokea na sikumgawia mtu. Mimi mzima. Ujane nimeuzoea, biashara ya vitenge inakwenda, na paa limeacha kuvuja kwa sababu mvua imeacha kunyesha. Mpe pole wifi yangu kwa goti, na umwambie yule kuku nampongeza: ndiye peke yake hapo nyumbani anayefanya kazi kwa utaratibu.

Yasmina nimemlilia kwa furaha. Nimemwona juzi tu akikimbia uchi kukwepa sabuni, leo ameposwa. Huyo wa soksi mbebeni vizuri.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote nimekwama mahali pamoja. Gari la baba nalikumbuka kuliko wewe, kwa sababu wewe ulikuwa ndani na mimi nilikuwa mlangoni natazama. Lina viti viwili, Huseni. Cha tatu hakipo. Unasema wewe utakuwa usukanini na Yasmina pembeni yako. Haya. Mimi nitakaa wapi?

Usijifanye umesahau. Katika nyumba yetu bi harusi hatoki mlangoni kwa baba yake bila shangazi. Shangazi hukaa pembeni yake, humshika mkono kuanzia kizingiti hiki hadi kile, na hauachii mpaka mama mkwe apokee kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nilipoolewa huku, shangazi yetu alinishika mkono safari nzima ya lori kutoka Bujumbura, vidole vikafa ganzi, na tulipofika alisema: "Sikukuachia." Neno lile limenilinda miaka yote ya ndoa yangu. Sikujaliwa binti. Yasmina ndiye mkono pekee niliobakiwa nao wa kuushika.

Kwa hiyo chagua. Kama mna kiti, nakuja. Kama hakuna kiti, nitawatumia kitenge na dua.

Nimeandika kwa kalamu nyeusi na kwa nafasi, kama ulivyoagiza. Tangu lini umekuwa mheshimiwa wa kuagiza kalamu?

Dada yako,
Sikuzani


Buyenzi
1 Desemba 2024

Dada mpendwa,

Assalamu alaykum na shikamoo. Barua yako imechelewa kwa sababu Moubarak alilala mpakani akisubiri mafuta. Esansi, petroli kama mnavyosema huko, imekuwa kitu cha hadithi kwetu. Watu wanapanga magari kwenye foleni ya kituo halafu wanarudi nyumbani kwa miguu, na gari likikaa sana wenye watoto wanaanza kufulia kivulini mwake. Sisi sote wazima. Kuku ameangua, amehamia jikoni na familia yake, na kazi imeanza.

Ungeona. Nimeshusha moteri nzima na kuipanga mkekani, kipande kwa kipande. Ndani ya kabureta nimekuta mjusi. Breki zimeshikana kama ndugu kwenye mirathi. Pistoni zilikuwa zimeganda, nikazinywesha dizeli kwa wiki nzima, kisha nikazigonga kwa ubao taratibu, na asubuhi moja zikashuka zenyewe. Khadidja alisikia nikipiga takbiri uani, akadhani kuna mtu amesilimu. Mafundi wa mtaa huu wanapita kutazama, wananiita "Muzee Alfa", na wananipisha kwa heshima. Mikono yangu haijasahau. Nafanya mengi kwa kupapasa tu, hata siangalii.

Kuhusu kiti, nimefikiria sana. Njia ziko tatu. Ya kwanza, utangulie Kibenga kwa teksi pamoja na masufuria, uwe umekwisha kufika, na hiyo pia ni heshima. Ya pili, nyuma ya viti kuna nafasi ambayo baba aliwahi kubebea mbuzi wa Idi, nami naweza kuweka mto. Ya tatu sijaifikiria bado.

Usinikasirikie. Baba alinikabidhi usukani ule kwa mkono wake.

Huseni


Ujiji
5 Januari 2025

Huseni,

Wa alaykum salaam. Huku wazima.

Nafasi ya mbuzi umpe mbuzi.

Nilitaka barua iishie hapo, lakini Moubarak amesema haendi mpaka kesho, kwa hiyo nimepata muda wa kuandika na mengine. Mguu wangu wa kushoto unauma kwa kukanyaga. Usiulize kukanyaga nini. Ukuta wa jirani yangu umeanguka, wa upande wa barabara, na hilo pia usiliulize. Tumeelewana, fundi ameshaujenga, na yeye mwenyewe anakiri kuwa ulikuwa umezeeka.

Kuna kitu nataka kukuuliza mimi. Barua yako ya kwanza maandishi yalikaa juu ya mistari kama wanafunzi darasani. Ya pili yalianza vizuri, halafu yakapanda, na mwisho neno "mkono" limeandikwa juu ya neno "baba". Wewe ndiye uliyekuwa ukichapwa na mimi kwa kuandika vizuri kuliko mimi. Una nini?

Sikuzani


Buyenzi
9 Februari 2025

Dada yangu,

Assalamu alaykum. Pole kwa mguu, pole kwa ukuta. Mimi sina kitu. Meza inacheza, na kalamu za siku hizi wino wake unakimbia. Tuyaache hayo.

Moteri imewaka! Samahani kwa kupiga kelele kwenye karatasi, ila ilibidi. Djibril alileta esansi kidogo kwenye chupa ya maji, nikamimina, nikazungusha ufunguo, ikakohoa, ikatema moshi na unyoya mmoja wa kuku, kisha ikaimba. Sauti ile ile, dada. Nilikaa pale kwenye kiti nikalia kama mtoto, na sioni aibu kukuambia. Nilimsikia baba akiingia uani.

Na rangi nimekwisha kupaka. Nilikwenda mwenyewe kwa muuza rangi pale sokoni Jabe, nikamwambia nataka nyekundu ya maharage yaliyoiva, ile nzito ya baba. Akanifungulia makopo ndani ya duka, mimi nikachagua, na nikampinga pale alipotaka kunishauri. Kijana wa jana atanifundisha rangi ya gari la baba yangu? Nimepaka mikono mitatu chini ya mabati, na msasa katikati. Uso wa gari umekuwa laini, nzi akitua anateleza. Watu wanaokuja kulitazama wananyamaza kimya. Hata Djibril alisimama, akakohoa, akasema: "Baba, aki, hakuna gari ingine kama iyi mu Bujumbura nzima." Khadidja naye, ambaye ana la kusema juu ya kila kitu, hajasema neno. Wamezidiwa na uzuri.

Yasmina ameweka picha ndani ya bahasha. Utazame mwenyewe, mwenye macho haambiwi tazama.

Kuhusu kiti, bado nafikiria njia ya tatu.

Huseni


Ujiji
2 Machi 2025

Mdogo wangu,

Ramadhani njema. Nakuandikia kabla ya kufuturu, kwa hiyo nitakuwa mkweli, maana mwenye njaa hana nguvu za kuremba.

Picha nimeipata. Niliitazama, nikaivua miwani, nikaipangusa, nikaivaa tena. Nikampelekea mwanamke anayekaa duka la jirani, nikamuuliza hii ni rangi gani. Akasema: ulimi wa ndama.

Gari la baba ni la waridi, Huseni. Si nyekundu, si maharage, wala si kitu chochote kilichowahi kuiva. Ni waridi kama ile krimu ya keki. Baba angekufa tena. Watu wanaokuja kulitazama hawanyamazi kwa uzuri. Wananyamaza kwa sababu wewe ni mzee wao na wanakuheshimu, na Khadidja ananyamaza kwa sababu anakupenda, na hili la pili ndilo lililonitisha.

Sikucheki. Nilicheka siku ya kwanza, sikufichi, mpaka nikakaa chini. Siku ya pili nilikumbuka kalamu nyeusi, na meseji kama mayai ya chawa, na kufanya kazi kwa kupapasa, na "mkono" juu ya "baba". Hapo kicheko kikaisha.

Macho yako yana nini? Na mtu ambaye haoni tofauti ya maharage na ulimi wa ndama, atampitishaje mtoto wetu katikati ya Jabe mpaka Kibenga?

Nijibu ukweli. Ukinijibia habari za meza, nitapanda lori la chumvi nije kukuchapa.

Dada yako anayekupenda,
Sikuzani


Buyenzi
6 Aprili 2025

Dada Sikuzani,

Assalamu alaykum na Idi mubarak. Barua hii nasema mimi na anaandika Khadidja, kwa hiyo mistari itakuwa imenyooka.

(Shikamoo wifi. Ni mimi. Goti afadhali.)

Nilipopata barua yako nilikasirika. Nilimwita Khadidja nikamuuliza gari ni rangi gani, akasema chai imeiva. Nikauliza tena, akasema niulize mtu mwingine. Basi nikaazimia kuwaonyesha wote. Siku ya pili ya Idi nilivaa kanzu, nikatia esansi ya mwisho ya Djibril, nikalitoa gari peke yangu.

(Hakuwa peke yake. Nilikuwa nyuma kwa miguu, na goti hili, nikimwita. Hakusikia kwa ajili ya moteri.)

Dada, lilikwenda. Lilikwenda kama maji. Nilimpungia mkono imamu mlangoni pa msikiti, naye hakujibu.

(Ilikuwa nguzo ya umeme.)

Nilifika Jabe. Njia nilikuwa naiona mbele yangu, nyekundu, pana, nikasema hii imetengenezwa lini. Nikaingia. Gari likalainika chini, na mwanamke mmoja anayeitwa Olga akatokea pembeni, akaweka mikono yote miwili kwenye mlango wangu.

"Muzee," akasema, "we hauone?"

"Mi naona."

"Unaona nini?"

"Naona barabara."

"Iyi si barabara. Ni nyanya zangu."

Hakupiga kelele, dada. Angepiga kelele ningemjibu. Alinishika kiwiko, akanishusha kama mtu anayemshusha baba yake, akanikalisha kwenye kreti. Hakuna aliyeumia, ila nyanya. Vijana walilisukuma gari mpaka nyumbani, na mimi nilirudi nimeshikwa mkono na Khadidja, tukizungumza habari za goti.

(Nimemwacha kwanza anywe maji.)

Andika hivi. Nimekwenda kwa daktari. Amesema ni mtoto wa jicho, yote mawili, la kulia limeziba kabisa. Amesema wanapasua, haichukui muda, watu wanaona tena. Nimesema nitafikiria. Naogopa, dada. Nimepasua moteri nyingi, na najua ni ngapi hazikuwaka tena.

Kwa hiyo siendeshi. Djibril amejitolea kumleta mwenzake wa benki, Régis, ambaye ana gari lake na mkono wake mzuri. Nimekataa. Simjui, hamjui baba, na akikaa kile kiti nitaona ameketi juu ya kaburi. Gari litabaki chini ya mabati. Tutakodi teksi, ina viti vya kutosha, utakaa pembeni ya Yasmina kama ulivyotaka tangu mwanzo. Umeshinda. Njoo tu.

Huseni

(Wifi, hajala vizuri tangu siku ya nyanya. Analifuta lile gari kila asubuhi. Yasmina anasema hataki teksi, anataka gari la babu yake hata likiwa la waridi, hata likivutwa na ng'ombe. Sijui la kufanya. Wako Khadidja.)


Ujiji
20 Aprili 2025

Huseni mdogo wangu, na wifi yangu msomaji,

Wa alaykum salaam. Sikushinda kitu. Liondoeni gari chini ya mabati na mlitie upepo magurudumu. Nakuja, na nitaliendesha mimi.

Soma tena, wifi, taratibu, hakuamini.

Siku ile niliposoma kwamba naweza kupanda nafasi ya mbuzi, nilitoka na hasira yangu, nikaenda moja kwa moja kujiandikisha kwenye shule ya udereva. Nilikuwa nataka kuja kukuonyesha tu. Mwalimu wangu ni Gélase, Mrundi mwenzetu aliyehamia huku, mpole sana, sasa amekuwa mcha Mungu zaidi. Mguu ulikuwa klachi. Ukuta ulikuwa mimi. Mtihani wa kwanza nilianguka kwa sababu nilisimama katikati ya mlima kumsalimia mtu aliyefiwa. Nilimweleza askari kwamba mtu huwezi kumpita mfiwa hivi hivi. Akasema barabarani inawezekana. Wa pili nimefaulu, leseni ninayo, na picha yake inatisha.

Nilipoiona ile picha ya gari, hasira iliondoka, ila masomo sikuyaacha. Nilijua ni nani atakayehitajika.

Nakuambia na hili, kwa kuwa barua hizi zimekuwa za kweli. Baba alipokuwa anakufundisha wewe, nami nikimwomba anifundishe, alicheka akasema: "Mutoto wa kike anaendeshwa." Hakusema kwa ubaya. Lakini nimesimama kwenye mlango ule miaka yote hii, Huseni, nikitazama kiti kile.

Desturi inasema shangazi akae pembeni ya bi harusi. Haikusema upande upi.

Linalonisumbua ni mkono. Usukani wa gari la baba uko kushoto, Yasmina atakuwa kuliani kwangu, na mkono wa kumshika ndio huo huo wa gia. Sijui nitafanyaje. Tena mimi nimejifunzia kupita kushoto, na ninyi huko mnapita kulia, kwa hiyo nitahitaji dua kwenye kila kona. Watangazieni watu wa Jabe.

Tafuteni mafuta.

Sikuzani


Buyenzi
29 Juni 2025

Dada yangu,

Assalamu alaykum. Shikamoo. Tazama mistari. Naandika mwenyewe, na kwa kalamu ya buluu.

Tangu uondoke nyumba imepoa. Goti la Khadidja zima, kiangazi kimeingia. Maharusi walikuja Ijumaa, na Djibril alivua viatu tena barabarani, nikamwambia sasa yatosha.

Nilitaka kukuandikia habari za ile Jumapili. Utasema ulikuwepo. Ulikuwepo mbele. Wewe ulikuwa unatazama njia, nyuma hukugeuka hata mara moja, kama dereva mzuri. Nikuambie ya nyuma.

Ulipotoka mlangoni na kanzu yako ya dhahabu ukaingia upande wa usukani, wapiga matari walisahau kupiga. Bibi mmoja nyuma yangu aliuliza: "Uyu mama anaenda wapi uko?" Nikamjibu: "Kwenye kiti chake." Halafu ukawasha, ukaondoka kwa mruko, na Yasmina akashika shela kwa mikono yote miwili. Sisi tulifuata kwa miguu na baiskeli, kwa sababu chupa ya Djibril ilitosha gari moja tu. Pale Jabe, Olga alisimama mbele ya nyanya zake na mikono imepanuliwa. Ulipopita salama alianza kupiga vigelegele, na soko zima likamfuata.

Na kisha, mbele kidogo, moteri ikanyamaza. Mimi nilijua kabla yenu, kwa sauti. Esansi imeisha. Nikasema basi, haya ndiyo mavuno ya kiburi changu, mtoto amekwama katikati ya njia kwenye gari la rangi ya ulimi wa ndama. Nikakusikia unauliza: "Nifanye nini?" Nikasema: "Weka gia huru, shika usukani."

Sijui nani alianza kusukuma. Nadhani mafundi wa mtaa wetu, wale wanaoniita Muzee Alfa. Walikuja na nguo zao za harusi, wakaweka mikono nyuma. Wakichoka wanakuja wengine. Wa Jabe wakasukuma hadi wakachoka, tukapokelewa na watu tusiowajua, mmoja alitoka kwenye foleni ya kituo cha mafuta akasema gari lake haliendi kokote, asukume hili linalokwenda. Régis wa benki alisukuma mpaka suruali ikapasuka. Mimi sikutoka nyuma. Khadidja alinikataza, nikamwambia kupapasa naweza.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Kule chini ya mabati rangi ile nilikuwa naiona ya baba. Juani haikuwa. Juani iliwaka. Njia sikuiona, watu sikuwaona, wewe na Yasmina mlikuwa vivuli, lakini lile waridi nililiona kutoka Buyenzi hadi Kibenga, na nililifuata. Lingekuwa la maharage ningelipoteza pale pale.

Na Yasmina amenieleza lililotokea mbele. Amesema moteri ilipozimika, na gia ikawa haina kazi tena, ulimtafuta mkono bila kutazama, ukaushika, na hukuuachia mpaka mama yake Djibril alipokuja na mkono wake. Amesema ulitamka neno moja tu. Hakuniambia neno gani, nami sikuuliza, nalijua.

Macho nimepasuliwa. Sikukuambia kabla, ungekuja na dua za kutisha. Walipofungua kitambaa, wa kwanza niliyemwona ni Khadidja. Amezeeka vizuri sana. Nilimwambia hivyo hivyo, akakasirika, halafu akatabasamu mpaka jioni.

Kisha nikaenda uani kuliona gari.

Dada, ni baya. Ni baya kuliko ulivyoandika. Nilicheka mpaka nikakaa chini kama wewe, na majirani walipoona nacheka, nao wakapata ruhusa. Wamecheka mtaa mzima. Walikuwa wamekibeba kicheko hicho tangu Februari. Djibril amenunua kopo la nyekundu, nyekundu ya kweli, nimeiona kwa macho yangu mapya. Nimelifungia kabatini na ufunguo ninao mimi. Gari halipakwi tena.

Tatizo lililobaki ni lile la mwanzo. Yule kuku mweusi amerudi, ameatamia tena, juu ya kiti cha dereva. Khadidja anasema asiguswe. Nimemweleza kuku kwamba kiti hicho kina mwenyewe, yuko Ujiji, ana leseni, na ameshaangusha ukuta. Amenitazama tu.

Njoo umtoe wewe. Mimi nitakaa pembeni.

Mdogo wako,
Huseni